Mama Koki na Hofu ya Jua la Pili

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa huu na wa mtaa wa nyuma, walimu, na ninyi mabinti wa zamani wa shule ya wasichana ya kilimani mliojaa hadi barabarani, familia imemtuma mdogo wa marehemu asimame hapa awasomee maisha ya dada yetu, na kabla hajaanza anawaomba radhi, kwa sababu karatasi hii itataja sana jambo ambalo halizoeleki msibani, nalo ni sayari, lakini huwezi kueleza maisha ya dada yetu ukairuka sayari ile, kama usivyoweza kueleza maisha ya mkunga bila kutaja watoto.

Dada yetu alizaliwa siku ya Jumanne tarehe 11 Machi 1952, katika chumba cha nyuma cha nyumba ambayo mbele yake palikuwa na duka la ushonaji, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mtengeneza saa na mama fundi cherehani, mama ambaye mikono yake ilikuwa hodari na roho yake ilikuwa nyepesi kwa radi, kwani kila wingu lilipotanda alifunika kioo cha duka kwa kitambaa, akaondoa mikasi na sindano mezani, akawaingiza wanawe chini ya meza ya kukatia nguo na kuwashika mikono hadi mvua ipite. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina, na dada yetu, akiwa mkubwa wetu, ndiye aliyekitazama kwa karibu zaidi, akatoka chini ya meza ile akiamini kwamba dunia si ya kuitegemea. Hata hivyo alikuwa mtoto mchangamfu, mwenye maneno mengi, na mdogo wake huyu anayewasomea alibebwa mgongoni mwake mpaka alipokuwa mzito wa kumbeba.

Alianza darasa la kwanza Januari 1960 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, akamaliza mwaka 1967, akajiunga na sekondari ya kutwa kuanzia 1968 hadi 1971, ambako aliipenda kemia kuliko masomo yote, na walimu wake walimsifu kwa umakini wakalalamika kwamba maswali yake huanza kengele ikishalia. Mwaka 1972 aliingia chuo cha ufundi, na tarehe 30 Novemba 1973 akatunukiwa cheti cha fundi maabara, ingawa nusura akose mtihani wa mwisho kwa kuomba ruhusa katikati ya mtihani akahakikishe gesi imefungwa, wakati mtihani wenyewe ulikuwa wa kuandika na ulifanyikia ukumbini.

Jumatatu tarehe 7 Januari 1974 aliajiriwa na shule ya wasichana ya kilimani, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Machi 2012, katika maabara ile ile yenye meza ndefu za mbao zilizobabuliwa na asidi, zenye koki za gesi mbili mbili, na mtungi mkubwa nje ya ukuta ndani ya kizimba cha nyavu. Kila jioni alizunguka akigusa koki moja moja kwa kidole, akafunga mlango, akafika getini, akarudi, akafungua, akazunguka tena, na wasichana, ambao hawana dogo, walimpa jina la Mama Koki hata kabla hajawa mama wa mtu, na jina likamganda mpaka kwenye kadi za harusi za wanafunzi wake.

Sasa hapa ndipo sayari inapoingia. Katika maabara ile kulikuwa na jaribio moja ambalo wasichana walilisubiri mwaka mzima, la kutengeneza haidrojeni, ambapo fundi anatia vipande vya zinki kwenye asidi, anaikusanya gesi ndani ya neli iliyopinduliwa, kisha anasogeza kijiti cha moto kwenye mdomo wa neli na gesi inalipuka kwa sauti ndogo kama ya mbwa mchanga akibweka, wasichana wanapiga kelele na kucheka, na dada yetu peke yake hacheki, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika neli, na mshtuko ule aliusikia vidoleni. Siku moja ya Juni 1975, akiosha chupa karibu na dirisha, alimsikia mwalimu wa jiografia wa darasa la jirani akieleza kwamba Mshtarii, ambayo vitabu vingine huiita Jupita, ni sayari kubwa kupita zote, haina ardhi ya kukanyaga, ni gesi, na sehemu kubwa ya gesi hiyo ni haidrojeni, nayo ni nyota iliyoshindwa kuwaka. Mwalimu akaendelea na Zohali, wasichana wakaendelea kunakili, dada yetu akabaki na chupa mkononi, kwa sababu mtu mwingine angesikia habari za mbingu, lakini yeye alisikia habari za neli kubwa kuliko dunia, imejaa gesi anayoijua, na hakuna mtu wa kukagua koki zake.

Alimfuata mwalimu wa kemia akamwuliza gesi ile ikipata cheche itakuwaje, mwalimu akacheka hadi miwani ikamteleza, akamwambia kwamba moto tunaoujua unahitaji oksijeni, na huko hakuna oksijeni ya kutosha kuwashia hata jiko, kwa hiyo aende akale chakula chake cha mchana kwa raha. Alikwenda akala, akashusha pumzi, akalala vizuri siku kadhaa, mpaka aliposoma katika kitabu cha kidato cha nne kwamba jua lenyewe sehemu yake kubwa ni haidrojeni, wala haliungui kwa oksijeni, na bado linawaka, na hapo hofu ikarudi na ndugu zake wote, kwa maana lile jibu lililomtuliza ndilo lililomfungulia mlango mbaya zaidi. Kama jua halikungoja kiberiti, Mshtarii inangoja nini? Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye mshahara wake na viatu vizuri, na alianza kulala akiwa ametundika blanketi dirishani.

Mwaka 1977 alijitokeza kijana mmoja mchora ramani wa ofisi ya ardhi, mpole, mwenye wino vidoleni siku zote, akaleta habari za posa, na dada yetu akamwambia kwamba kabla hajajibu kuna jambo la aibu ambalo ni haki yake kulijua, akamweleza habari za sayari kuanzia neli hadi blanketi. Yule kijana hakucheka, na familia hii inamshukuru kwa hilo mpaka leo, alisema tu kwamba apewe muda, akaenda kusoma maktaba jioni baada ya jioni, akarudi mlangoni pa maabara na jibu lake, kwamba moto wa nyota hauwashwi, unakamuliwa, uzito wa nyota yenyewe ndio unaoibana gesi ya katikati hadi chembe zake ziungane na kutoa joto na nuru, na ili hilo litokee Mshtarii ingehitaji uzito wa karibu mara themanini ya ule ilio nao, na hata ukizikusanya sayari nyingine zote, hii yetu ikiwamo na sisi juu yake, ukaitupia, uzito wake hautafika hata mara mbili ya wa sasa. Akaongeza kwamba mwalimu wa jiografia aliionea, haikushindwa kuwa nyota, kwani haikuwahi kuwa katika safari hiyo. Dada yetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na ikiendelea kuongezeka?" Mchora ramani akakiri kwamba mawe ya angani huiangukia, ila ni sawa na kuurushia mlima punje za mchanga. Posa ilikubaliwa na ndoa ikafungwa Jumamosi tarehe 5 Agosti 1978, lakini tuseme kweli, katika maelezo yote yale neno alilolibeba bibi harusi ni mawe.

Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1980, ambaye leo ni mwokaji mikate na ambaye tangu utotoni hajaogopa kitu zaidi ya mkate kuungua, na wa pili wa kike, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1984, akiwa na macho ya mama yake na ule mtindo wa mama yake wa kukunja ngumi akilala. Dada yetu alipomwona mtoto huyo amekunja ngumi aliingiwa na woga kuliko wa siku zote, akawaita mumewe na mdogo wake kando ya kitanda, akawaambia kwamba wasiwasi huu aliupokea kwa mama, na mama naye bila shaka aliupokea mahali, lakini kwa huyu hautafika, atauzuia yeye kwa mwili wake, nao wawili wamsaidie kufunga midomo. Tulifunga. Kuanzia siku hiyo kazi kubwa ya maisha yake haikuwa tena maabara, ilikuwa kuogopa bila binti yake kujua.

Na kazi hiyo haikuwa ya lelemama. Katikati ya Julai 1994 magazeti yaliandika kwamba nyota yenye mkia imevunjika vipande, na vipande hivyo vitaiangukia Mshtarii kimoja baada ya kingine kwa muda wa wiki nzima, na binti, wakati huo akiwa na miaka tisa na udadisi wa kutosha watu wazima watatu, aliingia jikoni na gazeti akauliza kama sayari itaumia. Dada yetu alikuwa akikunja nguo zilizokauka, akaendelea kukunja, akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba sayari ile ni kubwa, haitasikia hata kuwashwa, kisha akasema anakwenda kuoga, akaingia bafuni, akafungua bomba, akakaa sakafuni na nguo zake, akatetemeka mpaka maji ya pipa yakaisha. Wiki ile alioga mara nyingi. Picha zilipotoka zikionyesha mabaka meusi kwenye uso wa sayari, mengine mapana kuliko dunia yetu, alizitazama mbele ya mwanawe akasema zinapendeza, na kwa kweli alikuwa mwigizaji wa kulipwa, sema hakuna aliyemlipa.

Septemba 2003 ndiyo iliyotaka kumvunja. Ulienea uvumi kwamba chombo cha anga, ambacho kwa miaka kadhaa kilikuwa kikiizunguka Mshtarii, kitaangushwa ndani yake kwa makusudi siku ya Jumapili tarehe 21, na kwa kuwa kilikwenda na nguvu za nyuklia basi kitaiwasha, tutapata jua la pili, usiku utafutika, mazao yatakauka. Bwenini wasichana hawakulala, mmoja alikuwa ameshafunga sanduku aende akafie kwao. Mwalimu wa fizikia aliwaeleza vizuri na wakamwelewa vizuri, lakini kuelewa na kulala ni mambo mawili, wakaomba aje Mama Koki, kwa hoja kwamba mtu anayerudi kukagua koki mara mbili hawezi kuwadanganya kuhusu gesi. Alikuja jioni ya Jumamosi, binti yake, ambaye alikuwa likizo kutoka chuoni, amemshikia mkoba, akamlaza msichana mmoja sakafuni akamwekea godoro moja juu, akamwuliza anasikiaje, akasema raha tu, akaongeza la pili, la tatu, la nne, mpaka sauti kutoka chini ikalalamika, "Mama Koki, huku ni tanuri, nitoeni," na yeye akawaambia wasichana kwamba nyota inawaka hivyo, kwa kubanwa na uzito wake, na Mshtarii ina godoro moja. Bweni zima lilicheka, sanduku likafunguliwa, watu wakalala.

Mpo hapa leo baadhi yenu mliolala usiku ule, kwa hiyo ni vizuri mjue kwamba aliyewalaza hakulala. Alijikaza kisabuni mpaka getini, akamtanguliza binti yake kwa kisingizio cha kurudi kukagua koki, akatapika nyuma ya kizimba cha mtungi. Na alfajiri ya Jumatatu, chombo kikiwa kimeshazama huko, alisimama uani na mumewe, amejifunika shuka, wakitazama upande wa mashariki ambako sayari ilikuwa inang'aa chini chini juu ya mapaa, yeye akihesabu mwanga wake kama mtu anayepima homa ya mtoto, hadi kulipokucha, jua likatoka, na mchora ramani akasema, "Limetoka moja, mama watoto, twende tukanywe chai."

Binti alisomea ufundi, na tangu 2006 ni mkaguzi wa lifti za majengo marefu, anayening'inia kwenye mashimo ya giza na tochi mdomoni, na dada yetu alipenda kuitaja kazi hiyo kwa kila mgeni, si kwa majivuno ya kawaida, bali kwa sababu kwake ilikuwa hati ya ushindi, kwamba mwoga hafanyi kazi ile, kwa hiyo urithi umekatika. Tarehe 9 Februari 2016 mchora ramani alifariki usingizini, na dada yetu akabaki na mtu mmoja tu wa kumwambia, yaani mdogo wake, ambaye kwa kutuliza watu hana kipaji chochote, na simu zake za alfajiri zikaongezeka.

Oktoba 2020 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi kwenye ngazi, akapimwa, daktari akamwambia moyo wake umetanuka kupita kiasi, naye akamwuliza daktari utaendelea kutanuka mpaka lini, swali ambalo daktari alilichukulia kuwa la kitabibu. Alitibiwa, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na mapema Mei mwaka huu wa 2023, akiwa wodini, kitanda cha dirishani, binti yake, ambaye ni mjamzito kwa mara ya kwanza na alikuwa akitimiza mwezi wa tano, alivuta kiti akakaa, akamwambia jambo ambalo familia imemwomba ruhusa tulisome hapa, naye ameruhusu.

Alimwambia kwamba alijua. Mwaka 1994 alikaa nje ya mlango wa bafu akisikiliza bomba likimwagika bila mtu kuoga, na 2003 alisimama dirishani jikoni akawatazama wote wawili uani mpaka jua lilipotoka, na hakusema kitu kwa sababu aliona mama anajitahidi sana na hakutaka kumharibia. Alisema kwamba lifti alizichagua kwa kuwa ni kitu kinachoanguka ambacho mtu anaweza kukikagua, kwamba usiku anaamka kugusa koki ya jiko, anarudi kitandani, anaamka tena, kwamba mumewe anadhani ana kiu, na kwamba sasa kuna mtoto tumboni na hajui atamficha vipi, maana mama, ambaye alikuwa bingwa, alishindwa kumficha yeye.

Dada yetu aligeukia ukuta. Mdogo wake, aliyekuwa amesimama na chupa ya chai mlangoni, aliogopa kwamba habari hii ndiyo itakayommaliza, kwa sababu karibu miaka arobaini aliishi kwa ajili ya jambo moja, na jambo lenyewe kumbe halikuwahi kutokea. Alilia, hilo hatulifichi, mficha maradhi kifo humuumbua. Kisha aligeuka akamshika binti yake mkono, akasema, "Pole mwanangu, kumbe na wewe. Mimi niko ndani na bomba langu, wewe uko nje ya mlango, na kila mtu anaogopa kivyake. Afadhali ningekufungulia." Akamwambia kuhusu mtoto atakayekuja kwamba asimfiche, akimwuliza amwambie mama anaogopa, halafu amwambie na zile hesabu za uzito wa nyota, vyote viwili, na asimwache nje.

Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 3 Juni hali yake ilibadilika. Alfajiri muuguzi wa zamu alifungua pazia, na kwa kuwa dirisha lile linatazama mashariki, Mshtarii ilikuwa pale, nyeupe, imetulia, na dada yetu akamwomba binti yake amsomee zile hesabu za baba yake, ambazo yeye mwenyewe alikuwa amemfundisha tangu Mei, binti akazisema, za mara themanini na za sayari zote kutofika hata mara mbili, na mama akauliza, kama alivyouliza mlangoni pa maabara akiwa msichana, "Na ikiendelea kuongezeka?" Binti akasema, "Haitafika, mama. Lakini naogopa." Akamjibu, "Hata mimi." Hawakuachana mikono tena, kulikucha, sayari ikafifia, na saa mbili na robo asubuhi dada yetu akafariki, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na mmoja ambaye yuko njiani.

Familia inamshukuru daktari wa moyo, ambaye alijibu maswali mengi yasiyohusu moyo, wauguzi wa wodi waliomvumilia alipowaagiza wakague mitungi ya oksijeni, mkuu wa shule na walimu wenzake, majirani ambao tangu Jumamosi hamjatuacha tule peke yetu, na yule bwana anayesambaza gesi mtaani, ambaye kwa miaka yote hakuruhusiwa kuondoka mlangoni kabla ya kupaka povu la sabuni kwenye kifungio na kuonyesha kwamba hakuna kipovu.

Na tuna ombi moja. Mtakapopanga foleni kumpa mkono binti yake, tunajua ulimi wa msibani umezoea kusema jikaze, tafadhali leo msimwambie hivyo, amejikaza tangu akiwa na miaka tisa. Mkimkuta anatetemeka, vuteni kiti mkae naye, na kama nanyi mnaogopa jambo, mwambieni.

Dada, pumzika kwa amani, zamu ya kuogopa sasa ni yetu, na tutaishika wote.